Nani anamfuata Borg? Kuwapanga wakubwa wa tenisi ya wanaume ya Uswidi

Msomaji wa Upanga ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Nimekuwa nikifuatilia historia ya tenisi ya Uswidi, na kila ninapojaribu kuwapanga wachezaji wake wa kiume kwa ukubwa wao ninakwama mahali palepale. Nafasi ya kwanza hainisumbui. Björn Borg alitwaa mataji 11 ya Grand Slam (yaani mashindano manne makubwa: Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani), sita ya Ufaransa na matano ya Wimbledon, na sijapata kusikia hoja yenye uzito ya kumwondoa pale juu. Tatizo langu linaanzia nafasi ya pili. Mats Wilander ana mataji saba ya mchezaji mmoja mmoja, Stefan Edberg ana sita, na kila mmoja wao alifika fainali 11. Wote wawili waliwahi kushika nafasi ya kwanza kwa ubora duniani, wote walibeba Kombe la Davis, lile la timu za mataifa, na wote ni watoto wa Småland, kusini mwa nchi: Wilander wa Växjö, aliyezaliwa Agosti 1964, na Edberg wa Västervik, aliyezaliwa Januari 1966.

Tatizo la pili liko chini yao. Thomas Johansson alishinda Australia mwaka 2002. Magnus Norman hakushinda taji lolote kubwa, lakini alifika nafasi ya pili duniani. Robin Söderling alicheza fainali mbili za Ufaransa zilizofuatana. Je, taji moja latosha kumpandisha Johansson juu ya hao wawili? Na wale waliotawala mchezo wa wawili wawili, akina Anders Järryd na Jonas Björkman, tuwahesabu vipi? Naomba tujadiliane kwa hoja, na kila atakayetoa orodha aeleze kipimo alichotumia.

Mkongwe wa Nyali amejibu:

Ndugu Msomaji, umeuliza vizuri, ila Borg umempita haraka mno, na ukimpita haraka hutapata kipimo cha kuwapimia wengine. Ukubwa wake hautokani na idadi ya mataji peke yake. Mwaka 1978, 1979 na 1980 alishinda Ufaransa na Wimbledon katika msimu mmoja, mara tatu mfululizo, wakati mashindano hayo yalitenganishwa na majuma mawili tu. Kwenye udongo mwekundu wa Paris mpira hudunda juu na kwa utaratibu, na mchezaji husimama nyuma ya mstari akimchosha mwenzake. Kwenye nyasi za London za enzi zile mpira ulikuwa ukiteleza chini kwa kasi, na aliyechelewa kuufuata wavuni aliadhibiwa papo hapo. Borg alibadilisha hatua zake, namna ya kuanzisha mpira na hata subira yake katika muda huo mfupi, tena kwa raketi ya mbao iliyokazwa nyuzi kiasi kwamba zilikuwa zikikatika zenyewe bila kuguswa na mpira.

Paris alishindwa mara mbili tu maishani mwake, mwaka 1973 na 1976, na mara zote mbili aliyemshinda ni Mwitaliano Adriano Panatta. Wimbledon alishinda mechi 41 mfululizo, mpaka John McEnroe alipomsimamisha katika fainali ya 1981. Katika fainali ya mwaka uliotangulia, Borg alipoteza seti ya nne kwa taibreki (gemu ya kuamua seti iliyofungana) ya 18 kwa 16 baada ya kukosa pointi saba ambazo kila moja ingempa kombe. Mtu mwingine angevunjika moyo. Yeye alirudi akacheza seti ya tano kama aliyeanza mechi upya, akaishinda 8 kwa 6. Ni kweli kwamba fainali nne za Marekani zote alishindwa, na Australia alikwenda mara moja tu, mwaka 1974, kwa kuwa enzi zile wengi wa mabingwa hawakuyapa uzito mashindano hayo ya mbali. Akaacha mchezo Januari 1983, akiwa na umri wa miaka 26. Kwa hiyo mataji yake 11 ni ya miaka minane tu, toka 1974 hadi 1981.

Kwa kipimo hicho hicho, yaani uwezo wa kushinda popote utakapopelekwa, wa pili kwangu ni Wilander. Alishinda kwenye udongo wa Paris mara tatu, 1982, 1985 na 1988. Kwenye nyasi za Australia mara mbili, 1983 na 1984. Na kwenye uwanja mgumu mara mbili, Melbourne na New York, zote katika mwaka 1988. Mwaka 1982 alikuwa na miaka 17 alipoingia Paris bila kutarajiwa na yeyote, akawatoa Ivan Lendl, Vitas Gerulaitis na José Luis Clerc, kisha Guillermo Vilas kwenye fainali.

Katika mechi ya Clerc kuna jambo ambalo napenda vijana walijue. Wilander alikuwa na pointi ya ushindi. Clerc akapiga mpira, mwamuzi wa mstari akasema umetoka, na mwamuzi mkuu akatangaza kwamba mechi imekwisha. Kijana yule alimwendea mwamuzi na kumwambia kwamba hawezi kushinda namna ile, kwa maana aliuona mpira wa Clerc kuwa mzuri, akaomba pointi irudiwe. Ikarudiwa, naye akaishinda. Hiyo ilikuwa nusu fainali ya Grand Slam, na yeye hakuwa bado na jina lolote la kulinda.

Kisha njoo kwenye 1988. Alishinda Australia kwa kumpiga Pat Cash nyumbani kwake, seti ya tano ikiwa 8 kwa 6. Akashinda Ufaransa dhidi ya Henri Leconte mbele ya Wafaransa. Akashinda Marekani dhidi ya Lendl katika fainali ya seti tano iliyokaribia saa tano, na kwa ushindi huo akamwondoa Lendl kwenye nafasi ya kwanza duniani. Mataji matatu kati ya manne katika mwaka mmoja: hata Borg hakufanya hivyo.

Mpenda Voli amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Nimeisoma hoja yako kwa heshima, na kuhusu Borg sina la kuongeza. Kuhusu nafasi ya pili, hata hivyo, naomba niwe upande wa Edberg, na nitaanza na hilo hilo la 1988 ulilolisema. Mwaka ule wanaume wa Uswidi walichukua mataji yote manne ya Grand Slam. Wilander alichukua matatu. La nne, la Wimbledon, alilichukua Edberg kwa kumshinda Boris Becker. Na Wimbledon ndiyo mahali ambapo Wilander hakuwahi kuvuka robo fainali katika mchezo wa mmoja mmoja, ingawa mwaka 1986 alibeba kombe la wawili wawili akiwa na Joakim Nyström. Ukisema kipimo ni kushinda popote, kila mmoja wao ana mlango mmoja uliomfungia: Wilander ni Wimbledon, Edberg ni Paris. Tofauti ni kwamba Edberg alifika fainali ya Paris mwaka 1989, akaongoza seti mbili kwa moja dhidi ya Michael Chang, akapata nafasi nyingi za kumvunja (kushinda gemu ambayo Chang ndiye anayeanzisha mpira) katika seti ya nne, zikampita. Alikuwa karibu kulikamilisha lake kuliko Wilander alivyowahi kuwa.

Kipimo changu mimi ni muda ambao mchezaji alikaa kileleni. Wilander alishika nafasi ya kwanza duniani kwa majuma 20, na baada ya New York 1988 hakufika tena fainali ya Grand Slam, naye alikuwa na miaka 24 tu. Edberg aliishika kwa majuma 72, akamaliza miaka miwili, 1990 na 1991, akiwa wa kwanza. Mataji yake yanaanzia Australia 1985 na kuishia Marekani 1992, yaani miaka saba, na aliyapata mbele ya vizazi viwili vya wapinzani. Alianza na Lendl, Cash, Becker na Wilander mwenyewe, ambaye alimshinda kwa seti tatu safi katika fainali ya Australia 1985. Akamaliza na Jim Courier na Pete Sampras.

Naomba msomaji aitazame Marekani 1992 kwa utulivu, kwa sababu kwa maoni yangu ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuifanya Mswidi yeyote nje ya Ulaya. Edberg alikuwa bingwa mtetezi. Mwaka uliotangulia alimfundisha Courier mchezo katika fainali, 6-2, 6-4, 6-0. Safari hii kila kitu kilikuwa kigumu. Katika raundi ya nne alikutana na Richard Krajicek, akaenda seti tano. Katika robo fainali alikutana na Lendl, akaenda seti tano. Katika nusu fainali alikutana na Chang, na mechi hiyo ilichukua saa tano na dakika 26. Katika mechi zote tatu alikuwa nyuma ndani ya seti ya mwisho, na katika zote tatu alirudi. Kesho yake akaingia fainali na kumshinda Sampras.

Kumbuka pia alikuwa akicheza mtindo gani. Huyu hakuwa mtu wa kukaa nyuma na kungoja mwenzake akosee. Alianzisha mpira kwa mzunguko uliopanda juu begani mwa mpokeaji, akaufuata wavuni, na pointi yake ilianza pale ambapo ya wengine ilikuwa inaisha. Kwa mtindo huo kucheza saa tano na nusu ni kukimbilia wavuni mara mamia.

Bi Mkubwa wa Ngamiani amejibu:

Nawasalimu nyote. Mwanangu Mpenda Voli, umesema vizuri, ila umechagua fainali moja ya mwaka 1985 na kuziacha mechi mbili zilizofuata. Nusu fainali ya Marekani 1987 aliyeshinda ni Wilander. Nusu fainali ya Australia 1988 walikwenda seti tano, aliyeshinda ni Wilander. Edberg alikuwa na kipaji cha kupendeza macho, lakini walipokutana ana kwa ana kwenye uwanja mkubwa, Wilander alijua kumsoma.

Hata hivyo sikuja kuamua ugomvi huo. Nimekuja kwa sababu mnawahesabu watu hawa kana kwamba kila mmoja alicheza peke yake kisiwani, wakati Uswidi ilijijengea jina kubwa zaidi katika Kombe la Davis. Imelitwaa mara saba: 1975, 1984, 1985, 1987, 1994, 1997 na 1998. Toka 1983 hadi 1989 haikukosa fainali hata mwaka mmoja. La kwanza, la 1975, lilikuwa la Borg akiwa na miaka 19: jijini Stockholm, dhidi ya Chekoslovakia, alishinda mechi zake zote mbili za mmoja mmoja na ile ya wawili wawili akiwa na Ove Bengtson.

Mwaka 1984, Marekani ilikwenda Gothenburg na McEnroe na Jimmy Connors, wachezaji ambao kwa majina yao tu wangeweza kuogofya taifa zima. Waswidi walitandaza udongo ndani ya ukumbi wa Scandinavium. Wilander akampiga Connors seti tatu bila. Kisha Henrik Sundström, ambaye leo hatajwi na mtu, akamshinda McEnroe naye seti tatu bila, ya kwanza ikiwa 13 kwa 11, katika mwaka ambao McEnroe alikuwa hashindiki. Siku ya pili Edberg, kijana wa miaka 18, akiwa na Järryd, akawashinda McEnroe na Peter Fleming, na kwa ushindi huo wa tatu kati ya mechi tano kombe likabaki nyumbani kabla hata siku ya mwisho haijafika.

Mwaka uliofuata fainali ilikuwa Munich, dhidi ya Ujerumani Magharibi. Becker alimshinda Edberg, akamshinda na Wilander. Kila kitu kikaangukia mechi ya tano. Aliyepelekwa kuicheza, mbele ya ukumbi uliojaa Wajerumani, ni Edberg, naye alikuwa bado hajatimiza miaka 20. Alipoteza seti ya kwanza kwa Michael Westphal, akashinda tatu zilizofuata. Kwa hiyo mimi, ingawa namwona Wilander kuwa mjanja zaidi uwanjani, sioni aibu kumsikia mtu akimweka Edberg wa pili.

Kuhusu wawili wawili, ndugu Msomaji, jibu langu ni kwamba ni lazima wahesabiwe. Björkman alishinda mataji tisa ya Grand Slam ya wawili wawili. Yakiwemo matatu ya Wimbledon mfululizo akiwa na Todd Woodbridge. Järryd alishinda manane, na aliyakusanya kutoka mashindano yote manne. Wala hawakuwa wanyonge walipocheza peke yao: Järryd alifika nusu fainali ya Wimbledon 1985 na nafasi ya tano duniani, Björkman alifika nusu fainali ya Marekani 1997 na ya Wimbledon 2006, na nafasi ya nne. Namweka Björkman wa nne katika orodha yangu, juu ya Johansson, Norman na Söderling.

Kocha Mstaafu amejibu:

Nimefundisha watoto tenisi kwa miaka mingi, kwa hiyo nitasema jambo moja la ufundi kisha nirudi kwenye orodha. Ufundi wa Waswidi wengi wa miaka ya 1980 ulikuwa mwana wa Borg: mpigo wa mgongo wa mkono kwa mikono miwili, mpira wenye mzunguko mwingi, miguu isiyochoka, uso usioonyesha hasira. Wilander, Sundström, Nyström na Kent Carlsson wote walipita njia hiyo. Edberg naye alianza kwa mikono miwili. Kocha Percy Rosberg, yuleyule aliyemlea Borg alipokuwa mdogo na kumwacha aendelee na mikono yake miwili, ndiye aliyemshauri Edberg aachie mkono mmoja. Kocha huyo mmoja aliwatazama watoto wawili, akaona kila mmoja ana mkono wake, akawapa mashauri yanayopingana, na yote yakazaa mabingwa wa dunia. Hata mwaka 1983, Edberg alipotwaa mataji yote manne ya Grand Slam ya wavulana, jambo ambalo hakuna mvulana mwingine aliyelifanya, tayari alikuwa Mswidi anayecheza tofauti na Waswidi wenzake. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kumweka wa pili: Wilander aliikamilisha njia iliyokwisha kufunguliwa, Edberg alifungua yake.

Sasa wale watatu. Johansson alishinda Australia 2002 kwa kumpiga Marat Safin kwa seti nne, na taji hilo ndilo la mwisho la Grand Slam kwa mwanamume wa Uswidi katika mchezo wa mmoja mmoja. Lazima apewe heshima yake, kwa sababu fainali haijishindi yenyewe. Lakini nje ya majuma yale mawili hakuwahi kufika fainali nyingine ya Grand Slam, na nafasi yake ya juu kabisa ilikuwa ya saba.

Söderling ni jambo jingine. Mei 2009, katika raundi ya nne ya Paris, alikutana na Rafael Nadal ambaye hakuwa amewahi kushindwa pale, mechi 31 kwa 31 toka 2005. Majuma machache kabla, mjini Roma, Nadal alikuwa amemfunga 6-1, 6-0. Söderling aliingia akiwa ameamua kwamba hatamrudishia Nadal mipira ya kubembeleza. Kila mpira uliodunda juu aliupiga kwa nguvu zake zote, ukiwa bado juu, kabla haujashuka. Alishinda kwa seti nne. Akafika fainali, akashindwa na Roger Federer. Mwaka uliofuata, palepale, alimtoa Federer katika robo fainali na kuukata mfululizo wake wa nusu fainali 23 za Grand Slam, akafika fainali tena, safari hii akazuiwa na Nadal. Alifika nafasi ya nne duniani. Julai 2011 alishinda mashindano ya nyumbani huko Båstad, akampiga David Ferrer bila huruma, kisha maradhi yakamshika na hakucheza tena. Alikuwa hajafikisha miaka 27.

Kocha wake katika miaka hiyo alikuwa Norman, ambaye naye alipanda hadi nafasi ya pili mwaka 2000, akafika fainali ya Paris, akashindwa na Gustavo Kuerten baada ya kumfanya ahangaike na pointi nyingi za ushindi kabla ya kuimaliza. Nyonga ikamharibia yaliyobaki.

Mimi nawapanga hivi: Söderling, Norman, Johansson. Najua wengi wataniuliza taji liko wapi. Ninawajibu kwamba ninapima ugumu wa kazi, na kuwatoa Nadal na Federer mjini Paris katika miaka miwili mfululizo ni kazi ngumu kuliko mataji mengine yaliyowahi kutwaliwa.

Mkongwe wa Nyali amejibu tena:

Kocha, hoja ya ufundi nimeipokea, lakini kwa Johansson umekuwa mkali. Mchezo huu una mtindo mmoja wa kuhesabu, nao ni jina lililoandikwa kwenye kombe. Ukianza kumpa mtu nafasi kwa ugumu wa aliowashinda kabla ya fainali, itabidi uanze kuwapa nafasi wote walioshindwa kwa heshima, na Thomas Enqvist aliyefika fainali ya Australia 1999 naye atadai chake, na Mikael Pernfors wa Paris 1986 vilevile.

Tena kuna mtu ambaye nyote mmemsahau. Sven Davidson alishinda Ufaransa mwaka 1957, wakati Borg alikuwa mtoto wa mwaka mmoja, na mwaka uliofuata akabeba kombe la Wimbledon la wawili wawili akiwa na Ulf Schmidt. Wapo wanaompunguzia kwa kuwa enzi zile waliolipwa walizuiwa kushiriki. Ni kweli, lakini alizishinda mechi alizowekewa, na alikuwa Mswidi wa kwanza kulichukua taji kubwa la mmoja mmoja. Hawezi kukosa kumi bora.

Msomaji wa Upanga amejibu:

Nawashukuru sana, mzee wangu, Bi Mkubwa, Kocha na ndugu Mpenda Voli. Nimeyapima yote, na orodha yangu kwa sasa inakaa hivi: Borg, kisha Edberg, kisha Wilander. Lililoniamulia ni ile mechi ya tano ya Munich na ile New York ya 1992 nikiziweka pamoja, maana kati yake kuna miaka saba na mtu ni yuleyule. Wa nne ni Björkman, kwa hoja ya Bi Mkubwa. Wa tano nimemweka Söderling, wa sita Johansson, wa saba Norman, wa nane Järryd, wa tisa Davidson, wa kumi Enqvist.

Mzee wa Nyali, najua hutakubali Söderling kuwa juu ya Johansson. Nipe mechi moja ya Johansson, mbali na ile fainali ya Melbourne, ambayo unaona inasimama sawa na ile ya Nadal, nami nitawabadilisha nafasi.